Siku tatu Pangani: tulivyokwama kwenye mlango wa mto

#1 Mwana Mzizima (mleta uzi)

Ndugu wana jukwaa, salamu kwenu nyote.

Mwezi Julai sisi watu watano, wote wakazi wa Dar es Salaam, tulikodi mashua ya mbao yenye mashine ya ndani, pamoja na nahodha wake na baharia mmoja, tukaondoka Kunduchi alfajiri kuelekea Tanga kwa kufuata pwani: Bagamoyo, Saadani, Pangani, kisha kisiwa cha Maziwe. Katika mpango wetu, Pangani palikuwa mahali pa kulala usiku mmoja tu. Tulikaa siku tatu, na siku hizo ndizo ninazozikumbuka kuliko safari nyingine yote, ndiyo maana nimeona nizieleze hapa kwa utulivu.

Nianze na sababu ya kukwama. Mto Pangani huanzia kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, ukasafiri takribani kilomita 500 hadi baharini, na mchanga unaoubeba hutua pale maji ya mto yanapokutana na mawimbi, ukafanya fungu linaloziba sehemu kubwa ya mlango. Chombo huingia kwa kufuata mkondo mwembamba wenye kina, tena maji yakiwa yanajaa. Sisi tulichelewa kuondoka Saadani kwa karibu saa mbili kwa sababu ya kupiga picha ufukweni, na tulipofika mlangoni maji yalikuwa yameshaanza kupwa. Nahodha alitaka tutie nanga nje hadi maji yarudi. Sisi abiria, tukiwa tumelowa na tumechoka kusukwasukwa na upepo wa kusi, tulimsihi ajaribu, naye akajaribu kwa kuturidhisha. Tuligusa mchanga mara mbili, ya pili kwa kishindo, na tangu hapo mashua yote ikawa inatetemeka kila mashine ilipokazwa. Shafti ya propela ilikuwa imepinda. Kosa lilikuwa letu sisi abiria, wala si la nahodha.

Mashua ikaachwa ipwelewe ukingoni, shafti ikafunguliwa na kupelekwa Tanga kwa basi, kilomita kama 50, ikanyooshwe kwenye karakana ya kukereza vyuma. Jibu lililorudi kwa simu lilikuwa kwamba kuna kazi nyingine mbele yetu, hivyo tungoje.

Asubuhi ya kwanza nilitoka peke yangu kutembea kando ya mto. Mji umejipanga upande wa kaskazini, na ng'ambo ya pili iko Bweni chini ya kilima chenye minazi. Katikati pantoni inakwenda na kurudi. Karibu na mahali mashua zinapoegeshwa nilimkuta mama akichemsha dagaa katika sufuria pana la maji ya chumvi. Nilimwamkia, nikaomba kutazama, akanisogezea ndoo iliyofudikizwa nikae. Alinionyesha namna ya kujua kwamba dagaa wameiva: macho yao hugeuka meupe yote kwa pamoja, kama vile mtu amewamwagia unga, na hapo huopolewa mara moja, kwa sababu wakikawia kidogo matumbo hupasuka na mnunuzi huwakataa. Alipowamwaga kwenye chanja aliwatandaza kwa kiganja kilicho wazi, akiwatenga wasigusane, na mkono wake haukurudi mara mbili mahali pamoja. Aliniambia kwamba kazi itapungua siku chache zijazo, kwa kuwa mwezi unakaribia kupevuka, na dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Nilikuwa nimeishi pwani miaka yote bila kujua kwamba bei ya dagaa sokoni inaufuata mwezi.

Alasiri nilipita Mtaa wa India, wenye maduka ya kale yenye baraza na roshani za mbao, mengine yakiwa yamefungwa na mengine yakiuza khanga na vyombo vya plastiki. Kuna mlango mmoja pale nilioutazama kwa muda mrefu: mnyororo umechongwa kuzunguka fremu yote, na kwenye mfaa, ile nguzo ya katikati, kuna maua yaliyopangwa moja juu ya jingine. Mzee aliyeketi barazani, baada ya kuitikia shikamoo yangu, aliniambia nisiishie kuutazama, niushike. Juu mbao ilikuwa ngumu na baridi kama jiwe. Nilipoinama na kugusa chini, karibu na kizingiti, kidole kiliingia. Mbao ilikuwa laini kama mkate uliolowa, na ua la chini kabisa lilikuwa limebaki nusu. «Mwanangu, chumvi huanzia chini,» alisema, «inapanda kidogo kidogo, na wenye nyumba wako mbali.» Sina maneno ya kuongeza juu ya hayo. Napenda tu watu wajue kwamba ua lile lipo, na kwamba nusu yake imekwisha.

Siku ya pili nilikwenda kulitazama Boma la kale, linalotajwa kuwa lilijengwa mwaka 1810 na baadaye likatumiwa na watawala wa Kijerumani. Wenyeji husimulia kwamba wakati wa kulijenga watumwa walizikwa hai chini ya nguzo ili jengo liwe imara. Nilisimama pale nikamkumbuka Abushiri bin Salim, ambaye sote tulilisoma jina lake shuleni. Alianza kupigana na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki mwaka 1888, akakamatwa, akanyongwa hapo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Katika daftari langu la historia Abushiri alikuwa jibu la swali la mtihani. Pangani nilitambua kwamba alikuwa mtu wa mto huu, mwenye shamba la miwa huku, na kwamba maji aliyoyaona siku yake ya mwisho ndiyo haya yaliyotukamata sisi.

Usiku wa pili, tukiwa tumekaa na nahodha, nilianza kufikiri jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nifungue uzi huu. Pangani ni mji uliojengwa na kungoja. Misafara iliyofuata mto kwenda Kilimanjaro na Umasaini kutafuta pembe za ndovu ilikusanyika hapa ikingoja wapagazi watimie. Majahazi yalingoja pepo zigeuke. Meli kubwa, zilizoshindwa kuvuka fungu, zilitia nanga nje zikingoja mashua zizipelekee mizigo. Watumwa nao walingojeshwa hapa kabla ya kuvushwa baharini, na kungoja kwao sithubutu kukuweka pamoja na kwa wengine, kwa maana hakukuwa kwao. Hata leo magari hungoja pantoni, na anayengoja hula, hununua, huuliza habari. Sasa linajengwa daraja lenye urefu wa mita 525, katika barabara mpya itakayounganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo. Magari yataacha kungoja. Nauliza kwa dhati: ni nani atakayesimama Pangani tena, na mji utaishi kwa nini?

#2 Mvukaji wa Magogoni

Ahsante kwa maelezo, mkuu. Mimi ni mkazi wa Kigamboni na ninadhani tuna la kuwaeleza ndugu zetu wa Pangani. Daraja letu la Nyerere, mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016, na wakati ule wengi walidhani kwamba pantoni ya Magogoni imekwisha kazi. Haikuwa hivyo. Mtu anayetembea kwa miguu, anayetaka kufika Posta asubuhi, hawezi kuzunguka hadi Kurasini, hivyo pantoni zinaendelea kujaa, na wauza maji, karanga na magazeti wapo pale pale. Daraja huwachukua wenye magari, lakini wenye miguu huubakiza mto kuwa njia yao. Kwa hiyo swali lako ningeliweka hivi: kati ya wale wanaolisha mji wa Pangani leo, wangapi ni wenye magari wanaopita, na wangapi ni watu wa Bweni wanaovuka kila siku kwenda sokoni na kurudi? Kama wa pili ndio wengi, mji hauna la kuogopa sana.

#3 Binti wa Bweni

Nimezaliwa Bweni na sasa ninaishi Mbagala. Nimesoma uzi huu mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili kwa uzito moyoni, na naomba mniwie radhi nikisema wazi.

Kaka yangu mleta uzi, wewe ulingoja ukiwa na pesa ya chumba mfukoni. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa mama yangu alishikwa na uchungu usiku wa manane, na hospitali iko ng'ambo, upande wa mjini. Pantoni ilikuwa imeshalala. Baba alikwenda kumwamsha mvuvi mmoja, mtumbwi ukashushwa, na mimi nikabaki ukingoni nimeshika taa ya chemli ili waione wakirudi. Maji yalikuwa yanapwa kwa nguvu, na mkondo ukawasukuma kuelekea baharini hata nikaacha kuisikia sauti ya baba. Walifika, na mdogo wangu yuko hai, anasoma chuo. Lakini tangu usiku ule sijawahi kuuona ule mto kuwa kitu cha kutazamwa tu. Watu wa Bweni wakisikia daraja, hawafikirii magari ya watalii. Wanafikiria usiku.

Jambo la pili. Mnazungumzia mlango wa mto, lakini tatizo linaanzia juu. Bibi yangu alilima mpunga karibu na mto, na aliweza kuchota maji ya kunywa mahali ambapo leo maji ni ya chumvi. Maji ya Pangani hutumiwa na mashamba na miji tangu Arusha na Moshi, mengine yanazuiliwa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na yanayobaki ndiyo yanayotufikia. Mto ukipungua nguvu bahari huingia ndani, hasa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na chumvi hupanda. Kwa hiyo yule mzee aliyekuambia kwamba chumvi huanzia chini alikuwa anaujua vizuri mji wake. Minazi ya ukingoni inalijua hilo, na visima pia.

Mimi nataka daraja lije, na nataka mlango ule wa Mtaa wa India utengenezwe. Sioni kwa nini tulazimishwe kuchagua kimoja.

#4 Mwana Mzizima (mleta uzi)

Dada yangu, pole kwa usiku ule, na ahsante kwa kutueleza. Nakubali kwamba nililiuliza swali langu nikiwa upande wa anayepita. Niliandika kana kwamba kungoja ni mali ya mji, kumbe kwa watu wa ng'ambo ni gharama wanayoilipa kwa miili yao. Nimerudi kusoma nilichoandika kuhusu watumwa, kwamba kungoja kwao hakukuwa kwao, na nikaona kwamba nililijua jambo lile kwa watu wa kale nikashindwa kuliona kwa watu waliokuwa mbele yangu, wamepanga foleni ya pantoni na mizigo kichwani.

Hata hivyo sitaliacha lote. Daraja likikamilika, basi la kutoka Dar kwenda Tanga kwa njia ya pwani litaweza kuupita mji bila abiria kushuka. Ninachoomba ni kwamba wanaopanga mambo wauwekee mji sababu ya mtu kushuka: stendi iwe karibu na mto, majumba ya kale yatengenezwe, na kijana wa pale alipwe kwa kuusimulia mji wake. Hayo hayapingani na daraja.

#5 Mpenda Historia

Naomba kuongeza machache kuhusu Abushiri, kwa sababu mleta uzi amepita haraka mahali ambapo Pangani ilikuwa kitovu cha mambo.

Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki usimamizi wa pwani ya Mrima. Mwezi Agosti mwakilishi wa kampuni, Emil von Zelewski, alitaka kupandisha bendera ya kampuni Pangani, na liwali, yaani gavana wa Sultani mjini, akakataa. Yaliyofuata, pamoja na askari kuingia msikitini kumtafuta liwali, yaliwaunganisha watu ambao kabla ya hapo hawakuwa kitu kimoja: wenye mashamba, majumbe (wakuu wa wenyeji), wapagazi waliokuwa mjini na hata watumwa. Wajerumani walifungiwa ndani ya nyumba yao, na aliyekwenda kuwatoa ni Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa jemadari wa jeshi la Sultani. Ninapenda tukumbuke kwamba moto uliwashwa na umati wa mji, na Abushiri akawa kiongozi wake.

Sisi wa Dar es Salaam tunao uzi unaotuunganisha na habari hii bila kujua. Zelewski huyo huyo, ambaye Wahehe walimwita Nyundo, aliongoza kikosi kwenda Uhehe, akauawa na jeshi la Mkwawa tarehe 17 Agosti 1891 mahali panapoitwa Lugalo. Jina hilo ndilo la kambi ya jeshi tunayoipita kila siku katika barabara ya Bagamoyo.

Na aliyepita Tanga akayaona mashamba ya mkonge ajue kwamba yalianzia jirani na Pangani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, kusini mwa mto. Mkonge ulioenea nchi hii ulitokana na miche ile.

#6 Nahodha Mstaafu

Nimeendesha mashua kati ya Dar, Unguja na Tanga kwa miaka mingi, na naandika kwa ajili ya vijana watakaotaka kuifuata safari hii, maana kilichowapata wenzenu kingeweza kuwa kibaya zaidi.

Mlango wa Pangani haushindaniwi. Ingieni maji yakiwa yanajaa, yamebakiza saa moja au mbili kufika kujaa kabisa, ili hata mkigusa mchanga, maji yanayopanda yawanyanyue. Mkigusa wakati wa kupwa, kila dakika inawakalisha zaidi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa mbali sana na mkondo wa kutoka huwa mkali. Mkondo huo ukikutana na mawimbi ya kusi pale funguni, mawimbi husimama na kuvunjika hata siku ambayo bahari ya nje inaonekana tulivu. Maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu, ni mepesi zaidi kwa mgeni. Kumbukeni pia kwamba kujaa husogea mbele kila siku kwa karibu dakika 50, kwa hiyo saa mliyoambiwa jana si ya leo. Na fungu huhama. Mkondo nilioujua mimi huenda leo ni mchanga. Chukueni mtu wa Pangani akae omo, yaani mbele ya chombo, awaonyeshe.

La mwisho, kwa abiria wote. Nahodha akisema tutie nanga, msimsihi. Nahodha akisihiwa na watu watano waliomlipa, ni vigumu kukataa, na hapo ndipo vyombo hupotea. Sikilizeni pia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kung'oa nanga, hasa miezi ya kusi.

#7 Mkaka wa Sinza

Swali fupi, mkuu: mlifika Maziwe hatimaye? Nasikia kisiwa kimebaki mchanga mtupu.

#8 Mwana Mzizima (mleta uzi)

Mzee wangu Nahodha, nimepokea, na tumewasomea wenzetu wote wanne ujumbe wako. Aliyetusihi zaidi amekubali kwamba ni yeye.

Ndugu wa Sinza, tulifika. Shafti ilirudi siku ya tatu alasiri, ikafungwa maji yakiwa yamepwa, na alfajiri iliyofuata tulitoka yakiwa yamejaa, na mvuvi mmoja kijana wa Pangani akiwa amekaa omo akituonyesha kwa mkono, kushoto, kulia, bila kusema neno. Maziwe ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Wazee wanakumbuka miti ikiwa imesimama pale. Sasa ni fungu la mchanga mweupe ambalo maji makubwa ya bamvua hulifunika. Kasa bado hupanda kutaga, kwa kuwa hurudi mahali walipozoea, na kwa hiyo mayai yao huhamishiwa bara yasizamishwe. Tulikaa hapo saa mbili tu. Nahodha alipotazama maji akasema tuondoke, tuliondoka.

Binti wa Bweni, nina jambo la kukuomba. Nilimpiga picha yule mzee akiwa na mlango wake, nikamwahidi kumpelekea nakala ya karatasi, kwa kuwa alisema hataki ya kwenye simu. Nimeshaisafisha. Nakwenda kwa basi mwezi ujao, na ningependa kuvuka hadi Bweni ukinielekeza kwa nani nibishe hodi. Nitalala huko, ng'ambo.